Jani la Isale Lililokwenda Zambia

Ndugu zangu wa karakana,

Tangu nirudi kazini mnaniuliza swali lile lile, nilikwenda Zambia kufanya nini, kila mtu kwa wakati wake, na kila mara mimi nikiwa chini ya mtambo na spana mkononi. Matokeo yake ni kwamba Yohana anajua habari za tembo lakini hajui za padri, na Mwakalinga anajua za padri lakini anadhani nilikwenda kuhiji. Nimeamua kuandika mara moja, msome kwa zamu. Habari za pasi, vibali na foleni za ofisini nimeziruka. Zilinichosha zilipotokea na sioni kwa nini ziwachoshe na ninyi.

Kihambani

Wengi wenu mmekuja hapa kiwandani kutoka mikoa mingine, kwa hiyo nianze na jani lenyewe. Mkipanda kutoka Himo kwenda Marangu mnaona kando ya vihamba, mashamba yetu ya migomba na kahawa, mmea mwembamba wenye majani marefu ya kijani, umesimama mstari. Mnadhani ni maua ya kupendezesha. Ule ni masale, na mmoja wake ni isale. Ndio mpaka wa kihamba, na wazee wa zamani walizikwa chini yake. Tena, ukimkosea mtu kosa kubwa, unakata jani la isale, unalipiga fundo kwa mkono wako mwenyewe, unampelekea. Akilipokea hawezi tena kukukatalia msamaha. Fundo likifungwa na mtu mwingine halina kazi, ni jani tu.

Baba yangu, Mzee Aloisi, alikuwa katekista wa parokia yetu kwa zaidi ya miaka thelathini. Amewafundisha watu kupokea komunyo, akawafundisha na watoto wao. Yeye mwenyewe hapokei. Tangu nipate akili, watu wakipanga mstari kwenda mbele, baba anabaki kwenye benchi ameshika tumbo. Nyumbani tulizoea kusema kwamba tumbo la baba halipendi Jumapili.

Mguu wake ulipovimba mpaka gotini aliniita. Nilimkuta nje ya jiko, mama akimenya ndizi za mtori. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniambia nikae, kisha akaanza bila utangulizi.

Mwaka mmoja kabla ya Uhuru, Padri Konradi, Mzungu aliyekuwa paroko wetu, aliamuru masale ya kale yaliyokuwa nyuma ya kanisa yakatwe. Palikuwa na kichaka chake, mahali pa makaburi ya zamani, na padri alisema mtu hawezi kusali upande huu na kutambika upande ule. Kazi hiyo alimpa baba. Baba aliyakata yote asubuhi moja watu wakiwa sokoni. Waliporudi wakauliza nani amefanya vile, na baba, ambaye panga lake lilikuwa bado na utomvu, akajibu, "Padri mwenyewe. Nilimzuia, akanishinda."

Watu wakasusia kanisa. Kwa miezi kadhaa Misa ilikuwa ya masista na baba. Mwishowe padri akahamishwa, akapelekwa kusini kabisa, nchi ambayo leo ni Zambia. Hakujitetea hata kwa neno moja. Baba akabaki na heshima ya mtu aliyejaribu kuyaokoa masale. Na kila Krismasi ilikuja kadi kutoka kusini, imeandikwa "Kwa katekista wangu Aloisi", na kila mwaka baba aliisoma, akaiweka chini ya godoro, hakujibu.

Nikamwambia, "Lakini baba, si umeungama?"

"Nimeungama kwa mapadri watano. Wote wamenisamehe. Hakuna hata mmoja kati yao niliyekuwa nimemkosea."

Masale yale hayakufa. Yalichipua tena kutoka kwenye visiki, na baba alikuwa amekwisha kukata jani kutoka hapo na kulipiga fundo. Alilitia kwenye kopo la maziwa ya unga lenye kitambaa kibichi, akanikabidhi.

"Usilifungue, mwanangu. Likifunguka si langu tena. Nataka nipokee komunyo kabla sijafa. Sina haja nyingine."

Mama akasema mtu haendi ugenini mikono mitupu, akaingia ndani, akatoka na kilo mbili za sukari. Mnajua sukari ilivyo adimu mwaka huu. Sisi tunaoitengeneza tunakunywa chai na chumvi. Sijui mama aliitoa wapi na sikumuuliza.

Moshi mpaka Dar es Salaam

Basi liliondoka Moshi saa tatu badala ya saa kumi na mbili kwa sababu lilikuwa likingoja dizeli, na dizeli ilikuwa ikingoja mtu mwenye ufunguo wa pampu, na mtu huyo alikuwa kwenye mazishi Rau. Hakuna aliyelalamika. Kwenye mazishi mtu hahimizwi.

Tulipofika Same kulikuwa na kizuizi. Ni wakati huu wa kuwasaka wahujumu uchumi wanaoficha bidhaa, na mgambo aliingia akapekua mizigo yote. Kwangu alikuta sukari.

"Unafanya kazi wapi?"

"Kiwanda cha sukari."

Niliona mara moja kwamba jibu hilo halikunisaidia. Abiria waliokuwa karibu nami walisogea kidogo.

"Na hii inakwenda wapi?"

"Kwa padri. Zambia."

"Zambia hawana sukari?"

"Sijui. Sijafika."

"Na kwenye kopo?"

"Jani."

Akafungua, akaliona jani, akalifunika. Kumbe ni mtu wa kwetu, na nadhani alilijua. Aliniangalia kwa muda kama anayemsikitikia mtu mwenye msiba. "Kumbe una matatizo yako," akasema, akashuka. Sukari ikabaki yote, na mpaka Korogwe abiria wenzangu walinigawia machungwa.

Mombo tulikula wali na maharage. Wali ulikuwa mzuri. Nawaambia hivyo kwa sababu ndicho chakula cha mwisho nilichokielewa kwa siku nyingi.

Kwenye treni

Treni ya kwenda Zambia, kwenye ile reli waliyoijenga Wachina, ni ndefu kuliko kijiji chetu. Nilipata nafasi mbele ya mama mmoja wa Tukuyu, Mama Atupele, aliyekuwa akirudi nyumbani kumwuguza dada yake. Alikuwa na vikapu vinne, kuku wawili na maoni juu ya kila kitu.

Alipojua nafanya kazi ya sukari alinipa ndizi. Alipojua kwamba sukari niliyo nayo ni ya mtu mwingine, aliendelea kunipa ndizi, lakini ndogo.

Siku ya kwanza, katikati ya mbuga, treni ilisimama. Tembo walikuwa kwenye reli. Dereva alipiga honi. Tembo hawakuona sababu ya kuondoka. Akapiga tena, na mmoja wao akageuka, akatuangalia, akaendelea kula. Tulikaa pale saa nne. Abiria walishuka upande usio na tembo wakapika chai, na mwalimu mmoja akatoa hotuba fupi juu ya rasilimali za taifa. Tembo walipomaliza walikwenda zao, na sisi tukaenda zetu.

Wakati ule wa kungoja ndipo nilipomsimulia Mama Atupele habari ya jani. Alisikiliza yote huku akiwalisha kuku mahindi.

"Baba yako ana miaka mingapi?"

"Sabini na kitu."

"Na padri?"

"Themanini au zaidi."

"Na wewe unakwenda kwa treni hii?" Akatazama nje walipokuwa tembo. "Ungeanza mapema, kaka."

Tangu hapo nilianza kuogopa. Kabla yake nilikuwa nikifikiri kazi yangu ni kufika. Sikuwa nimefikiri kwamba huenda nikakuta kaburi, wala kwamba baba naye anangoja na mguu ule. Niliendelea kufungua kopo kuangalia kama jani bado ni kijani. Lilikuwa kijani. Masale yana uvumilivu kuliko mimi.

Mpakani

Mama Atupele alikuwa ashuke Mbeya, lakini dada yake alikuwa amehamia Tunduma kwa mwanawe, kwa hiyo tulikuwa pamoja mpaka mpakani. Asubuhi, treni ikiwa imesimama, maafisa wa mpaka wa Zambia waliingia. Aliyetufikia alikuwa kijana nadhifu, shati limepigwa pasi, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kwa kuwa amekulia pale pale mpakani.

Sukari aliipita bila neno. Kopo alilifungua.

"Hili ni nini?"

"Jani."

"La kazi gani?"

"La kuombea msamaha."

"Umefanya nini?"

"Si mimi. Ni baba yangu."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani, Kilimanjaro."

Akafikiri. "Kwa hiyo jani limesafiri kuomba msamaha, na baba amekaa nyumbani."

Nilikubali kwamba ndivyo ilivyo.

"Kilimanjaro si ndiko karibu na yale machimbo ya vito?" akauliza, na kabla sijajibu vidole vyake vilikuwa vimekwisha kulifungua fundo. Alilinyoosha jani lote, akalipitisha kati ya vidole viwili kutoka mwanzo mpaka mwisho, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Hapakuwa na kito. Akanirudishia jani lililonyooka.

"Samahani, ndugu. Ni kazi."

Akaenda kwenye behewa la pili.

Nilikaa na jani mapajani. Nimewahi kuangalia mtambo ukivunjika mbele yangu msimu wa mavuno, nikajua mara moja spea haipo Tanzania nzima. Ndivyo nilivyojisikia. Kurudi nyumbani baba akalifunge upya ni safari ya siku nyingi, na mguu wa baba haukuwa mguu wa kungoja.

Mama Atupele alikuwa akikusanya vikapu vyake. "Si ulifunge tu mwenyewe?"

"Halitakuwa la baba."

"Nani atajua? Wewe hutasema, mimi nashuka hapa, na kuku hawasemi."

Akashuka. Kutoka chini alinipungia mkono na kuku mmoja. Mimi nikaufunga mlango wa behewa, nikalipiga jani fundo, nikalirudisha kwenye kopo. Nilijitahidi lifanane. Ndugu zangu, mimi ni mtoto wa katekista na nina umri wa miaka ishirini na minane, na nilikuwa nakwenda kwa padri mzee na fundo la kughushi.

Kasama

Nilishuka Kasama na kuambiwa lori la misheni huja kila siku mbili. Nikangoja siku nne, kwa sababu siku ya pili lilikuja limejaa mbolea.

Aliyenipokea ni katekista wa misheni ile, Bwana Mulenga, aliyekuwa amekuja mjini kununua mishumaa. Alinisalimu mwapoleni, nikaitikia shikamoo, tukaangaliana. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, "Wewe, unasukuma nini hapa?" Alikuwa amejifunza lugha yetu alipokuwa kibarua wa kujenga reli, kwa hiyo maneno yake yote yalikuwa ya amri na ya zege. Akitaka kunikaribisha chakula alisema, "Shuka chini, beba sahani!" Mtu mpole kabisa.

Chakula chenyewe, katika nyumba aliyofikia, ni nshima, ambayo ni ugali wetu, nayo ililetwa na viwavi. Walikuwa wamekaushwa na kukaangwa. Nikauliza kwa heshima kama kuna ndizi. Wakaniletea tatu, mbivu. Nikaeleza kwamba nilimaanisha za kupika, kama kiburu, zimepondwa pamoja na maharage. Bwana Mulenga akawatafsiria wenyeji, nao wakacheka mpaka mama mwenye nyumba akatoka nje. Kupika ndizi, kwao, ni kama kwetu kuchemsha chungwa. Nikala viwavi. Si wabaya, wana ladha ya dagaa.

Kwenye lori nilimweleza Bwana Mulenga nilichokuja kufanya, ila sikumwambia habari ya mpakani. Akasikiliza, akasema, "Hapa vilikuwa vibanda. Vidogo, vya mizimu ya wazee. Mapadri wa kwanza walisema choma. Babu yangu alibatizwa Jumamosi, Jumatatu akachoma."

"Alijisikiaje?"

"Hakusema. Alikuwa akikaa pale penye majivu kila jioni. Alisema anapumzika."

Lori likapita kwenye daraja la magogo ambalo mimi nisingelipita.

Misheni

Padri Konradi alikuwa hai. Nawaambia mapema ili msihangaike kama nilivyohangaika mimi. Nilimkuta nyuma ya nyumba amevaa kofia ya majani, anapogolea mibuni. Alikuwa ameipanda kahawa kama ya kwetu, mistari kama ya kwetu, ila udongo ulikuwa mwekundu na mlima haukuwepo. Bwana Mulenga alimwambia ana mgeni kutoka Tanzania.

"Shimbonyi," nikamsalimu kwa Kichaga.

Mkasi ukasimama. "Shicha," akajibu, kisha akaniangalia uso kwa muda mrefu. "Wewe ni wa Aloisi."

Aliniketisha barazani, akaleta chai mwenyewe, mikono ikitetemeka. Nilimpa sukari. Aliipokea kwa mikono miwili na kuuliza habari za watu ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kufa. Kila nilipomwambia fulani amefariki alitikisa kichwa, kana kwamba nimemthibitishia jambo. Kisha nikatoa kopo.

Hakuuliza ni nini. Alilitoa jani, akaliweka kwenye kiganja, na macho yake yakalowa. Nikaona kazi imekwisha. Nilikuwa nimekwisha kuanza kujipongeza.

"Baba yako amebadilisha mkono?" akauliza.

"Padri?"

"Huyu alikuwa shoto. Nilimfundisha mimi shule ya misheni. Nilimchapa miaka miwili ili ashike kalamu kwa mkono wa kulia. Kalamu aliishika. Panga, jembe na kamba hakukubali, alifanya kwa kushoto mpaka naondoka." Akaligeuza fundo kwa kidole. "Hili limefungwa na mtu wa kulia."

Nikamwambia kweli yote: afisa, vito, Mama Atupele, mlango wa behewa. Nilipomaliza nilikuwa natoka jasho kuliko siku za kusafisha tanuri kiwandani.

Padri akacheka. Alicheka polepole, kicheko cha kizee chenye kikohozi ndani yake. "Umesafiri kutoka Kilimanjaro kuniletea uongo wa baba yako, na njiani ukaweka na wa kwako juu." Akaacha kucheka. "Basi. Wewe umeniambia mwenyewe, kwa hiyo wewe nimekusamehe. Tuje kwa Aloisi. Alikuambia ni nani aliyezikwa chini ya masale yale?"

"Wazee wa zamani."

"Babu yake. Aliyemlea. Nilijua, na nilimpa yeye panga kwa sababu nilijua. Nilitaka watu waone katekista wangu ni Mkristo kamili." Aliangalia mibuni yake. "Aliporudi kuniambia amemaliza, alikuwa ameficha mikono nyuma. Halafu nikasikia amesema ni mimi niliyekata. Nikafikiri, ana haki. Ndiyo maana nilinyamaza. Si utakatifu, usije ukaenda kuwaambia ni utakatifu."

Nikamsimulia jinsi baba anavyoshika tumbo wakati wa komunyo. Miaka yote ile tulimcheka kwa ajili ya tumbo lake.

Padri alilifungua fundo langu. Akalinyoosha jani gotini, kisha akalipiga fundo upya, yeye mwenyewe, na lilimchukua muda kwa sababu ya mikono ile. Akalitia kwenye kopo.

"Mimi nimemsamehe, mwambie kwa mdomo. Hili si jibu, ni ombi langu kwake. Na mwambie jambo moja. Mimi hakunidanganya, nilikuwa naijua kweli. Aliwadanganya watu wa kijiji. Nitakuwa nimemsamehe hapa mpaka nife na bado tumbo litamuuma."

Kurudi

Kurudi hakukuwa na tembo. Kulikuwa na afisa yule yule, shati limepigwa pasi.

"Jani tena?"

"Ndilo lile."

Akafungua kopo, akalitazama bila kuligusa. "Fundo si lile."

"Padri amefunga la kwake. Amesamehe, na yeye pia anaomba."

Vidole vyake vilikuwa tayari juu ya kopo. Nilimwambia, "Ukilifungua, itabidi nirudi." Sikumsihi wala sikupandisha sauti. Nadhani nilikuwa nimechoka tu.

Alifunika kopo. "Nitakuamini mara moja," akasema, akagonga muhuri.

Jumapili

Baba alikuwa bado yupo, amekasirika kwa sababu mama alimkataza kwenda kukata majani ya ng'ombe. Nilimpa kopo, nikamweleza yote, pamoja na fundo langu. Alilipapasa lile la padri kwa dole gumba.

"Alikuambia habari za babu?"

"Aliniambia."

"Alikuwa anajua?"

"Alijua, baba."

Akalia. Sikuwahi kumwona baba akilia, na sikujua niweke mikono yangu wapi. Mama alimletea maji, akanywa, akasema nimpelekee kanisani koti lake la bluu likapigwe pasi na masista, kwa kuwa pasi yetu ilikuwa imeungua.

Jumapili, baada ya mahubiri, alimwomba paroko ruhusa, akasimama mbele na fimbo mkono wa kulia na jani mkono wa kushoto. Alizungumza sentensi chache. "Mimi ndiye niliyekata. Padri aliniamuru lakini hakushika panga. Niliwaambia uongo. Naomba mnisamehe."

Kisha Bibi Felista, ambaye ni mkubwa kuliko baba na amezika meno yote, akasimama upande wa wanawake.

"Aloisi, kaa, mguu utakuuma. Tulijua."

Baba hakukaa. "Mlijua nini?"

"Visiki vyote vilikatwa kwa kushoto. Shoto huku tulikuwa naye mmoja tu, mbe."

"Na mbona hamkusema?"

"Tungesema, ungefukuzwa wewe. Padri alikuwa na kwao. Wewe kwenu ni wapi, kama si hapa?" Alikaa, kisha akasimama tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Tukamwacha mzee wa watu aende na lawama ya panga asilolishika. Wote tulimwacha." Akakaa, akajifunika kanga kichwani.

Wakati wa komunyo baba alijiunga na mstari. Alikwenda polepole sana na watu wote wakamngoja. Nililia waziwazi na mnaweza kunicheka. Alipopokea alirudi kwenye benchi na hakushika tumbo.

Jumatatu alfajiri nilijiandaa kushuka kuja kazini. Nilipofungua mlango nikakuta majani ya masale kizingitini. Mengine yalikuwa kwenye ngazi, mengine yamechomekwa kwenye matawi ya mbuni ulio karibu na mlango. Kila moja lilikuwa na fundo. La Bibi Felista nililijua kwa kuwa limekazwa mno. Moja lilikuwa la jirani yetu Mlutheri, ambaye hata Jumapili hakuwepo, aliyeniita ng'ambo ya mfongo wa maji ya shamba kuniambia kwamba na yeye alijua na alinyamaza. Mama aliyakusanya yote akayafunga kwa kitambaa kibichi. Yako ishirini na saba, yote ya kumwomba Padri Konradi msamaha.

Hiyo ndiyo sababu mmenisikia nikimwomba msimamizi likizo nyingine, na yeye akiniuliza kama nina ndugu mgonjwa Zambia. Padri ana miaka themanini na kitu. Kila fundo limefungwa na mwenyewe, na mimi siwezi kulirudisha hata moja likifunguliwa. Afisa yule aliniahidi kuniamini mara moja. Sasa nakwenda kumwomba aniamini mara ishirini na saba.